Sikio la Mabaka, Kisimani Mkonze

Bwana Akida, uliyekuja kwa niaba ya Bwana Mkubwa wa boma la Dodoma, Mwalimu Bartolomayo wa misheni, wazee wa Mkonze, na wa kwanza wao baba yangu mdogo, Mzee Chilongola, wakwe zetu wa Miyuji mlioleta ng'ombe, mgeni wetu Athuman wa Kondoa, mama zangu, nanyi vijana mliochimba mpaka viganja vikachubuka: shikamooni wakubwa, na wengine wote mbukwenyi!

Mimi Matonya, mwana wa Lugome, si msemaji. Nimepewa nafasi hii kwa kuwa ndimi niliyesimamia uchimbaji. Lakini leo nitasema, na naomba mtu asinikatishe mpaka nimalize, hata kama ni mkubwa wangu.

Miezi mitano tumekula vumbi. Tumepita udongo mwekundu, tukapita mawe, mpaka maji yakatulowesha miguu. Na desturi yetu kila mtoto hapa anaijua: kabla mtu wala mnyama hajanywa maji mapya, mkubwa wa ukoo huyajaza kinywani, akayapuliza juu ya ardhi na mifugo, akaomba baraka. Tena mwenye damu ya nduguye mikononi habariki maji. Akithubutu, kisima hukauka. Kibuyu kile pale, mbele ya baba mdogo. Nawaomba mkikumbuke.

Sasa, nimewasikia mkinong'ona tangu asubuhi. Huyu Mrangi ametafuta nini Mkonze? Mnauliza kwa haki, maana vijana wanne waliokaa pale nyuma walikula kiapo pamoja nami kumuua. Yotham, nakuona, toa mkono kwenye upanga. Nikimaliza kusema, kama bado unamtaka Athuman, utaanza na mimi.

Mnajua tulikotoka. Mwaka mmoja kabla gari la moshi halijafika Dodoma, baba yangu Lugome alitoka kuchunga, akarudishwa amebebwa, na jeraha la mkuki mgongoni. Ng'ombe wake mpenzi, Mabaka, hakuonekana tena. Nani alilia siku ile kuliko baba mdogo Chilongola? Nani alinishika bega na kuniambia, "Nimemwona Athuman akikimbia na ng'ombe. Ukimwacha hai, wewe si mwanamume"? Alininolea mkuki. Alinifungia hata ulezi wa njiani. Mtu mwenye huruma kama hiyo ni wa kushukuriwa mbele ya watu, na ndivyo ninavyofanya.

Nikaapa sitakalia kigoda cha baba mpaka muuaji ajulikane na watu wote. Miaka minne nilimtafuta. Nilibeba mizigo, nilibeba mataruma ya reli, nililala njaa, na kila niliyekutana naye nilimuuliza habari za Athuman. Huku nyuma baba mdogo akanichungia zizi la baba kwa uaminifu, kiasi kwamba niliporudi lilikuwa jeupe.

Mwaka jana nikampata, milimani Kondoa. Nilibisha hodi kama mpita njia. Mkewe, Batuli, akanipa maziwa. Nikiwa nakunywa nikatazama zizini, nikaona alama ya ukoo wetu: mikato miwili, sikio la kushoto. Ng'ombe mmoja, wa pili, wa tano! Ndugu zangu, nilishukuru. Nilijiambia, ushahidi huu hapa, unatafuna majani mbele yangu. Nikashika mkuki.

Athuman akatoka ndani, akanitazama uso, akasema, "Wewe ni mtoto wa Lugome. Umekawia. Baba yako aliniwekea mitamba watatu, maana hakutaka ng'ombe wake wote walale zizi moja. Wamezaa. Njoo uwaone."

Sisi Wagogo, nani kati yetu hajaweka ng'ombe kwa rafiki, na nani huwaambia wanawe wote wako wapi? Hilo lingetosha kunifumbua macho. Lakini nilikuwa na hasira, nikasema anaongopa. Ndipo ndama akapita kati yetu, wa miezi miwili hivi, na sikio lake la kushoto lina mikato miwili, kidonda bado hakijakauka.

Wafugaji wenzangu, mimi niliyezaliwa zizini nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa miaka saba analijua. Mwizi wa ng'ombe huanza na sikio! Huikata upya alama ya mwenyewe. Ni mwizi gani atamwekea ndama wake alama ya marehemu? Nilikuja kumuua mtu kwa sababu ya uaminifu wake. Niliona aibu, nikalia mbele ya Batuli na kata ya maziwa mkononi.

Basi nikarudi, na swali likarudi nami. Kama si Athuman, aliyesema amemwona aliona nini? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi uliopita mama yangu, Raheli, alikwenda Miyuji kwenye arusi, akamwona ng'ombe ambaye wakwe zetu wanamtunza. Hawana kosa, walipewa, wakapokea. Nami nikawaomba leo wawalete ng'ombe wao wanywe maji ya kwanza.

Mama, simama. Muite.

Mmeona? Ng'ombe arobaini wana kiu na maji wanayasikia harufu, wote wamebaki, mmoja ametoka kundini mpaka kifuani kwa mama aliyekuwa akimkamua. Bwana Akida, tafadhali sogea umshike sikio la kushoto. Limekatwa nusu nzima, alama ya Lugome imekwenda na nyama. Wakwe zangu, semeni kwa sauti: aliyewapa Mabaka ni nani?

Mmesikia.

Baba mdogo, kibuyu hicho. Kama ng'ombe huyu ulimpata kwa haki, kinyanyue, puliza maji, nami nitapiga magoti nikuombe radhi mbele ya ukoo. Hatuna haraka. Tumengoja miaka mitano.

Tunangoja.

Basi. Kibuyu hakikunyanyuka, na kila mwenye macho ni shahidi. Bwana Akida, wewe una sheria yako na bomani kuna kamba; sikuzuii. Wazee, ninyi mna baraza lenu. Lakini ninyi vijana wanne, mkuki wa ukoo huu hautamgusa mzee huyu, wala panga zenu. Nilitumwa kuua mara moja kwa neno la mtu. Sitatumwa mara ya pili, hata na uchungu wangu mwenyewe. Nilitaka ajulikane, na sasa anajulikana.

Mwalimu, nisaidie, mpe kibuyu Athuman. Wazee, msigune! Mtasema si wa ukoo. Aliyeweka alama ya baba yangu kwenye sikio la ndama, baba akiwa kaburini na hakuna wa kumuuliza, ni wa ukoo gani kama si wetu? Mzee Athuman, puliza.

Ahsante, mzee wangu. Ahsanteni nyote mlionipa masikio yenu na subira yenu katika jua hili. Fungulieni ng'ombe wanywe, na Mabaka atangulie.

Yotham, niletee kigoda cha baba. Sasa nakaa.