Bi. Wankyo Mugeta, Aliyetufungulia Nyimbo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Wankyo Mugeta anastaafu tarehe 30 Juni 2025 kutoka ofisi ya Umoja wa Kwaya za Ziwani, hapa Musoma. Meza yangu iko ubavuni mwa meza yake, na kusema kweli kuandika haya kunaniuma.

Alianza kama mpiga chapa, akichapa nyimbo za kwaya za Musoma, Bunda na Butiama. Tovuti ilipokuja, sisi wengine tulitupia humo faili za PDF tukaenda kunywa chai. Yeye hakukubali. Alijua kwamba kijijini Bukima waimbaji watatu wanachungulia simu moja, na wimbo ukifunguka kwenye jalada la kitabu, kwa herufi kama sisimizi, mazoezi yameharibika. Akajifunza kuongeza maneno machache mwishoni mwa anwani ya faili: wimbo ufunguke ukurasa gani, ujaze upana wa kioo, vitufe vya juu vifichwe ili dole gumba la mtu lisiupoteze katikati ya kiitikio.

Vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, navyo vina ukaidi. Kimoja kinatii, kingine kinajifanya hakikusikia. Kwa hiyo kila alipomaliza kuweka wimbo alimpigia mumewe, Mwalimu Bernado, mfundisha kwaya wa Bukima, aufungue kwenye simu yake ndogo. Ofisi nzima tulimsikia mzee akipaza sauti katikati ya wauza dagaa wa soko la Mwigobero: "Umefunguka, mama, ila umelala ubavu!"

Pasaka moja Wankyo alisahau kubadilisha ukurasa aliouweka kwa ajili ya msiba wa wiki iliyotangulia. Kwaya moja ya Bunda ikafungua simu, ikaimba wimbo wa mazishi asubuhi ya ufufuko, beti zote. Mchungaji alipouliza, kiongozi wao Shija alijibu tu kwamba ndivyo Wankyo alivyoufungua. Tulimtania mwaka mzima.

Februari mwaka huu Mwalimu Bernado alifariki. Walikuwa wamepanga kupumzika pamoja Bukima, walime mihogo. Baada ya matanga Wankyo alirudi kazini, na nyimbo zikaendelea kufunguka vizuri. Uongozi ukamwomba abaki miaka miwili kwa mkataba, maana hatuna mwingine anayezijali kurasa namna ile. Sote tulimsihi, na mimi ndiye niliyemsumbua zaidi.

Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Nikimalizaga kuweka wimbo, mkono unashika simu wenyewe. Sasa jamani, nimpigie nani?"

Hakuna aliyemsihi tena.

Asante, Bi. Wankyo, kwa kila wimbo tulioukuta tayari. Tunakuaga kwa machozi, tena bila aibu. Nenda Bukima salama, Mungu akujalie afya na siku njema. Na simu ikiita, mama, pokea. Ni sisi.

Leonardi Kija, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake