Ajenda Namba Sita na Kibao cha Mzee Erasto

"Yatokanayo na Kikao Kilichopita: Mkazi Mmoja Kuchezea Kifaa Kinachofanana na Simu Msibani." Ndugu waombolezaji, hiyo ni ajenda namba sita ya kamati ya mtaa wetu hapa Gungu, imeahirishwa tangu mwaka 2023, na huyo mkazi mmoja ndiye tuliyekuja kumzika leo, kaka yangu Erasto Jeremia Gwimo, ambaye mimi mdogo wake, Wilfred, nasoma historia yake kwa niaba ya familia, nikiwa nimeagizwa nisirefushe, maana ukoo wetu unajulikana.

Marehemu alizaliwa Kalinzi tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa kwanza wa mzee Jeremia, mkulima wa kahawa, na mama Agnesi, akasoma shule ya msingi hapo hapo Kalinzi, akaendelea na sekondari Tabora hadi mwaka 1971, na mwaka 1973 akaajiriwa karani wa mizigo bandarini Kigoma, kazi iliyompa nafasi kubwa ya kusoma vitabu, kwa kuwa meli za ziwa hili hazijawahi kumharakisha mtu. Tarehe 26 Agosti 1978 alifunga ndoa na shemeji yangu Winfrida, wakajaliwa watoto watatu, Diana, Bonifasi na Regina.

Alistaafu mwaka 2012 akiwa na mpango mmoja tu, kusoma, na mwaka uliofuata macho yakamgomea, daktari akasema hapo yalipofika hayarudi nyuma, herufi zikawa sisimizi, vitabu vikaingia kwenye magunia, naye akawa mtu wa kukaa barazani akibishana na redio, miaka minane, jambo lililotuchosha wote.

Desemba 2021 Diana alimletea kibao cha kusomea vitabu, kitu chembamba, hakipigi simu wala hakipokei, lakini kinabeba vitabu kabati zima na kinakuza herufi upendavyo. Alikisusia wiki nzima, akisema kitabu kisicho na harufu ni risiti, mpaka Diana akazikuza herufi, kila neno likawa kama bango la dukani, akasoma ukurasa wa kwanza, akaita, "Mama Diana, njoo, naona!" na tangu siku hiyo hatukumpata tena. Alisoma akila, alisoma akinyolewa, shemeji akimtuma chumvi anarudi na sura mbili za hadithi, chumvi hakuna.

Juni 2023 alifariki jirani yetu mzee Ashraf, kaka yangu akaenda kukaa msibani kama inavyotupasa, na kibao chake, akaketi mkekani, akasoma, akacheka. Mwenyekiti wetu wa mtaa, ndugu Mwinshehe, akamwambia mbele za watu, "Shikamoo mzee Gwimo, lakini jamani, hata msibani unachati?" na yeye, badala ya kujitetea, akaendelea pale alipofikia, safari hii kwa sauti, hadithi ya ndugu wawili waliogombea mashine ya kusaga. Mwenyekiti alisikiliza amesimama, kisha akavua viatu akaketi. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, hadithi iko katikati, na siku ya nne asubuhi watu wakarudi wote, mjane, bi Hidaya, akasimama mlangoni na mwiko, akasema, "Matanga tumeanua jana, au mnangoja na mimi nife ndiyo mmalize kitabu?" akawapikia.

Lakini malalamiko yalikuwa yameshafika ofisini tangu siku ya kwanza, na jambo likiingia kwenye ajenda halitoki ila kwa kikao, na kikao hakikupata akidi, maana kila kilipoitishwa palikuwa na msiba, Simbo au Ujiji, na wajumbe walikuwa huko wakimsikiliza mtuhumiwa akiwasomea. Marehemu alikwenda ofisini mara nyingi kuomba asafishwe jina, akaambiwa asubiri kikao, akarudi amenuna, akaniambia, "Wilfred, miaka minane sikuona hata herufi moja, leo nimeona, wanasema nachezea. Sitaki kufa na neno hilo."

Januari 2025 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara tatu, akaambiwa apumzike, naye kila mara akamwomba muuguzi amwache amalize sura, na tarehe 9 Agosti 2025, saa moja asubuhi, akafariki akiwa nyumbani, kibao kifuani, bado kina chaji.

Tunawashukuru madaktari, na wauguzi waliomshikia kibao mikono iliposhindwa, wenzake wa bandarini, majirani, na bi Hidaya aliyekuja na mwiko wake mwenyewe. Diana atasoma sura zilizobaki baada ya maziko, chakula ni cha siku tatu tu, na shemeji amesema hatanii.

Kaka, pumzika sasa, macho yako yamefanya kazi ya kutosha.

Ndugu mwenyekiti, nimetazama huku na huku, wajumbe wote mko hapa, akidi imetimia, naomba ajenda namba sita ifungwe kwa maneno haya. Mzee Erasto hakuchezea simu. Alikuwa anasoma kitabu, na sisi tulikuwa tunamsikiliza.