Kombi Iliyovuja Alasiri Tu

Pale Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, pembeni ya duka la mikate la Wareno, kuna ubao uliolazwa juu ya makreti mawili ya bia, na huo ubao ndio kijiwe. Naseeb wa Tanga huweka birika lake la kahawa upande wa ukutani ili upepo usimzimie jiko. Wateja wake wa kudumu ni wawili. Wa kwanza ni Thierry wa Lubumbashi, anayeitwa Avocat, yaani wakili, kwa sababu aliwahi kulinda mlango wa mahakama, akatoka huko na maneno yote ya wanasheria isipokuwa mshahara wao. Wa pili ni Jean-Claude, Mrundi wa Buyenzi, anayeitwa Robot. Huuza chaja za simu kwenye robot, zile taa za barabarani, na hata akiwa kijiweni, akitaka kusema, hunyanyua kiganja kuwasimamisha watu kama magari. Mlango unaofuata ni wa Célestine, fundi cherehani kutoka Uvira, na wote humwita Mama Shekinah. Mbele ya mlango huo ndipo iliposimama kombi nyeupe iliyokuwa ikimnyima raha.

Célestine hakuinunua kombi ile. Aliishinda. Kampuni moja ya mafuta ya kupikia ilichezesha bahati nasibu, naye akatuma namba ya kwenye kifuniko cha chupa huku akikaanga samaki, akasahau. Siku moja lori likaja kumshushia gari la watu wa kwenda kulala porini: lina kitanda, jiko, sinki, na paa linalosukumwa juu, huku pande zake zikizibwa na turubai. Utepe mwekundu ulikuwa bado umefungwa kwenye vioo.

Porini hakuwa na haja napo. Alikwisha kutembea vya kutosha kufika Johannesburg. Yeye alichokiona ni kimo. Duka lake lilikuwa jembamba, na bibi harusi akijaribu gauni nyuma ya pazia, kiwiko kiligonga pasi na shela ikanasa kwenye cherehani. Célestine akasukuma paa la kombi juu, akatundika kioo, na kuanzia siku hiyo maharusi wake wakawa wanasimama wima hata na taji kichwani. Habari zikafika mpaka mtaa wa Troyeville. Wateja wakaongezeka.

Kisha mvua ikapiga, na maji yakapenya kwenye mshono wa kona, tone, tone, halafu mchirizi, yakaishia kwenye mgongo wa satini ya mtoto wa watu. Célestine akalishona gauni zima upya. Tangu hapo kila wingu lilimtoa mlangoni kulitazama. Na sasa garantii ya gari ilikuwa inaisha wiki hiyohiyo.

Asubuhi tunayoisema, alitoka dukani na simu mkononi, akajitupa kwenye ubao, kati ya Avocat na Robot, bila hata kusalimu.

— Wamesemaje hao wa gereji? aliuliza Naseeb, akimmiminia kikombe.

— Wamesema niipeleke ikiwa inavuja. Wanataka kuona kwa macho yao.

— Si uipeleke ikinyesha?

— Magari ya garantii wanapokea asubuhi tu.

Wote wanne wakatazama juu. Anga ilikuwa buluu tupu, na jua linawaka. Kila mkazi wa Joburg anajua mvua ya kiangazi huja alasiri, inatwanga mabati kwa hasira, kisha inaondoka zake.

— Ngoja nielewe, alisema Avocat. Gari inavuja alasiri, na wao wanapokea kuvuja kwa asubuhi.

— Kabisa.

— Bon. Hiyo ni kesi ya mamlaka. Huko kuvuja kwako kuko nje ya eneo lao la kazi.

— Mama Shekinah, alisema Naseeb, wewe ni fundi. Chukua sindano, shona, yaishe.

— Nikitia sindano, garantii imekufa. Wamesema mkono wa mtu mwingine ukigusa turubai, basi.

— Mkono wako ni wa mtu mwingine?

— Kwao, ndiyo.

Célestine akafunga ngumi. Ule mshono ulikuwa umepinda, mtu aliuharakisha, na kila alipoutazama vidole vilimwasha. Angeumaliza kabla kahawa haijapoa. Badala yake ilimbidi akae mbele yake kama mtu anayetazama sufuria ya jirani ikiungua.

Robot akanyanyua kiganja. Maneno yote yakasimama.

— Mimi nasema haivuji. Inatoa jasho.

— Gari inatoa jasho?

— Bibi harusi ana woga, sivyo? Mtu mwenye woga anapumua sana. Ile pumzi inapanda juu, inakutana na turubai, inarudi chini maji. Tatizo si paa, tatizo ni ndoa. Leta mwanamke asiyetaka kuolewa, simamisha mule ndani, uone kama atalowa.

— Na mvua ilikuwa inanyesha, Robot.

— Ilisadifiana.

— Mwe! alisema Naseeb. Sikilizeni niwape sababu. Gari hii imetengenezwa wapi?

— Ulaya, alisema Célestine.

— Ulaya iko juu ya dunia. Sisi huku tuko chini kabisa. Kitambaa kimeshonwa kuzuia maji ya juu yasije chini. Umekileta huku, kimegeuka. Sasa maji yanadhani ndani ya gari ni nje. Yanaingia yakijua yanatoka!

Avocat alimtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa hata mara moja.

— Hiyo ni nzuri. Mais sababu yenyewe si hiyo. Gari inajua ina garantii. Mmewahi kuona mtoto ana homa, mnamkimbiza hospitali, mkifika getini anaomba biskuti? Ndiyo hii. Ikiona gereji, itapona. Tena itawacheka ninyi. Hapo hatushtaki kampuni, tunashtaki gari yenyewe, kwa udanganyifu.

— Nani atakuwa shahidi?

— Sinki.

Célestine alitaka kucheka, ila kicheko hakikutoka. Alasiri hiyo alikuwa na mteja mpya, bibi harusi wa Jumamosi, na mawingu yangekuja tu kama kawaida yao. Gauni la pili likilowa, nani tena angemletea satini? Angerudi nyuma ya pazia, pasi upande huu, cherehani upande ule.

— Mnaniumiza kichwa, alisema. Niambieni nifanye nini.

Naseeb akagusa birika lake.

— Hii kahawa ninaipika alfajiri. Inafikaje mchana ikiwa ya moto?

— Unaifunika.

— Basi na huko kuvuja nako tukufunike.

Kisha Robot akanyanyua viganja vyote viwili.

— Eish! Mvua ikinyesha leo, tunapanda juu mara moja. Tunazungushia paa plastiki, ile ya magodoro. Maji yote yanabaki kwenye turubai, hayakauki. Kesho asubuhi tunawapelekea mvua ya jana ikiwa mbichi.

— Maji ya bomba yasiguse, alionya Avocat. Hata tone. Ukichanganya na ya bomba, hiyo ni ushahidi wa kughushi.

— Na mashimo ya barabarani? aliuliza Célestine. Gari ikiruka, maji yatamwagika.

— Mimi nitatangulia kwa miguu, nisimamishe magari, alisema Robot.

— Mimi nitakaa ndani, alisema Naseeb, nikinge kikombe pale konani. Tone likiona kikombe litashawishika.

— Na mimi nitaongea, alisema Avocat.

Hilo halikupingwa na yeyote. Célestine alijua ni upuuzi, ila ulikuwa upuuzi wenye vipimo, na vipimo alivielewa. Kabla hajajizuia alikuwa amesimama, tepi shingoni, anaizunguka kombi na kuhesabu mita za plastiki. Robot alimfuata nyuma akishika ncha ya tepi. Mzozo ukazuka kama plastiki ifungwe kwa gundi au kwa kamba, maana gundi ingegusa turubai na kamba isingegusa sana. Avocat akaamua kamba, kwa masharti. Wakapanga pia njia: wasipite barabara kuu, wasipite karibu na car wash yoyote, na kwenye kila robot Naseeb apige kelele kutoka ndani kuthibitisha kwamba bado inadondoka.

Katikati ya hayo akatokea msichana mrefu, kabeba mfuko wa kitambaa. Alikuwa Joséline, bibi harusi wa Jumamosi. Aliwahi mapema kwa kuogopa mvua. Alisimama akasikiliza mpango wote, kuanzia plastiki hadi kikombe, kwa adabu ya mtu aliyefika kwenye ibada ya dhehebu lisilo lake. Walipomaliza akauliza:

— Samahani, Mama Shekinah. Nani ataendesha?

Tepi ikamponyoka Robot.

Walitazamana. Célestine alimtazama Avocat, Avocat akamtazama Naseeb, na Naseeb akalitazama birika.

— Mimi magari nayajua sana, alisema Robot polepole, lakini kwa upande wa dirishani.

— Mimi nina leseni, alisema Avocat. Ya pikipiki. Ilibaki Likasi.

— Mie baiskeli, alisema Naseeb.

Tangu siku iliposhushwa na lori, kombi ile haikuwahi kusogea hata hatua moja. Célestine alihisi aibu ikimpanda usoni; kisha kicheko alichokikosa asubuhi yote kikamjia kwa mkupuo, akacheka mpaka akashika kioo cha gari asianguke. Alipopata pumzi akapiga simu gereji, na safari hii hakungoja aulizwe.

— Bwana, ile gari siwezi kuileta. Haijatembea tangu ifike.

— Haitembei? alisema yule bwana. Mama, kwa nini hukusema? Gari isiyotembea tunaifuata wenyewe. Lori letu la breakdown litakuja mchana huu.

— Nilisema inavuja.

— Kuvuja ni kitu kingine.

— Na inavuja pia.

— Hilo tutaona.

Breakdown ilikuja na mawingu yake. Dereva, Mzulu mnene mwenye koti la manjano, alifika umeme ukianza kuchana anga upande wa kusini. Ndani ya kombi Joséline alikuwa amesimama na gauni lililojaa pini, na Célestine anamalizia mapindo ya chini kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika mwamvuli, umefunguliwa mlemle ndani, juu ya mabega ya bibi harusi.

— Kwa nini mwamvuli ndani ya gari? aliuliza dereva, akichungulia.

— Ingia, baba, alisema Célestine. Simama hapo konani. Sogea kidogo. Hapo hapo.

Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Dereva akainua uso kuutazama mshono, na tone la kwanza likamwingia jichoni. La pili likashuka ndani ya kola. Mchirizi ulipofika mgongoni alitoa neno la Kizulu ambalo Joséline alijifanya hakulisikia, akachomoa simu, akampigia yule bwana wa gereji.

— Inavuja, alisema. Hapana, si jasho. Nimeoshwa!

Sauti ya upande wa pili ilinung'unika, ikauliza, ikanyamaza, kisha ikasema kwamba turubai jipya litawekwa, kwa garantii, bila malipo. Célestine aliifunga ile pini ya mwisho taratibu. Mapindo yalinyooka. Gauni halikupata hata tone.

Walimvusha Joséline mpaka dukani chini ya mwamvuli, wanaume wakalivuta paa chini na kulifunga, na kombi ikapanda mgongoni mwa lori. Célestine aliipungia mkono kama mtu anayesindikiza ndugu. Ilipokata kona, mzozo ukaanza palepale kwenye manyunyu ya mwisho, Naseeb akiwa amekumbatia birika chini ya koti.

— Leo imesafiri, alisema Naseeb.

— Haijasafiri, imebebwa, alisema Avocat. Mizigo haisafiri.

— Wewe ulipokuja na basi kutoka Lubumbashi, ulisafiri au ulibebwa?

— Hiyo naikatia rufaa. Nimiminie kahawa kwanza.

Naseeb akaliinamisha birika. Likatoa masimbi tu, machicha ya kahawa.

Robot hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameinama barabarani, pale kombi iliposimama tangu siku ya lori. Lami yote ilikuwa imelowa, isipokuwa kipande kimoja chenye umbo la gari, kikavu, na vumbi lake, na matone ndiyo kwanza yanaanza kukidonoa. Akanyanyua kiganja kuwasimamisha wenzake.

— Mama Shekinah, njoo uone. Kumbe kwa chini ilikuwa haivuji kabisa.