Tumbo Moja, Kazi Mbili

Ilikuwa mwaka 2016, Jumanne ya mawingu mazito yasiyo na mvua. Kwenye benchi letu, nje ya duka la Kinyozi, hoja ilikuwa moja. Kaka yake Kinyozi amelazwa: mshipa mkuu wa damu umevimba tumboni, sharti sehemu ile iwekewe bomba la bandia. Vipimo vikaonyesha pia mawe ndani ya kifuko cha nyongo. Daktari akauliza: kifuko nacho kitolewe katika upasuaji huohuo, au kiachwe? Mgonjwa akajibu, "Muulizeni mdogo wangu." Mdogo wake akatuuliza sisi, na jibu lilitakiwa kabla ya saa sita.

— Toa vyote! akasema Spana, fundi magari. Ukishashusha injini, unamaliza kila kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa wametoka wapi tena? akauliza Kinyozi.

— Hiyo methali, bwana mdogo. Iheshimu.

Sindano, mshonaji, akaweka kikombe chini.

— Nyongo ina uchafu wake. Ikidondokea lile bomba, likaingia vijidudu, kaka ndiyo basi tena. Mshika mawili moja humponyoka.

— Likimponyoka si litaangukia tumboni? akajibu Spana. Daktari ataliokota! Haya, kifuko kikivimba wiki ijayo, mtamfungua tena? Bandu bandu huisha gogo!

— Basi awekewe zipu, akasema Sindano. Ninazo imara, za suruali.

Nami nilichangia kwa utaratibu, nikathibitisha kwamba kufungua mara moja ni nusu ya kufungua mara mbili. Wakaafiki kwa heshima. Kinyozi hakuafiki.

— Wazee, huyu ndiye aliyenilea. Nikikosea, namzika mimi.

Tukaagiza kahawa nyingine.

Ndipo akatoka dukani mteja tuliyemsahau, taulo shingoni, povu limemkaukia shavu moja.

— Samahani, wazee. Hicho kifuko, kwani kinamuuma?

Kinyozi akapiga simu.

— Kaka, shikamoo. Nyongo inakuuma?

— Marahaba. Haijaniuma hata siku moja. Nani kawaambia inaniuma?

Daktari alipoelezwa, akasema mawe yasiyouma hayana haraka; basi atakiacha, ashughulike na mshipa tu. Kaka alirudi nyumbani na kifuko chake.

Ushauri wetu uligharimu vikombe kumi na tisa vya kahawa.