Kiatu cha Thomasin

LOVEDAY: Haloo! Nani mwenzangu? Kama unauza madirisha mapya, ya kwangu yanavuja na nimeyazoea—

DENZIL: Dada, ni mimi.

LOVEDAY: Mimi nani? Kina mimi wako wengi.

DENZIL: Denzil. Mdogo wako.

LOVEDAY: Nilikuwa naye mmoja. Pasaka akaenda kufanya kazi kwa Thorogood, yule aliyeinyakua Nyumba ya Kanisa, akapotelea huko.

DENZIL: Dada Loveday, tafadhali. Hujambo lakini?

LOVEDAY: Sijambo. Goti linauma, mvua haikomi, na kibao changu cha NYUMBA YA KANISA HAIUZWI wameking'oa tena pale getini. Uko wapi? Unakwaruza kama redio ya marehemu baba.

DENZIL: Niko huku huku, Nyumba ya Kanisa. Ukumbi wa juu. Nimesimama dirisha la upande wa makaburini, ndipo mtandao unaposhika.

LOVEDAY: Na nani?

DENZIL: Peke yangu. Nadhani.

LOVEDAY: Unadhani?

DENZIL: Dada, ile habari aliyokuwa akitusimulia mama. Ya Thomasin. Ilikuwaje hasa?

LOVEDAY: Miezi yote hunipigii, leo unataka hadithi? Ile ile iliyokuwa ikikukojoza kitandani?

DENZIL: Usinitanie leo. Sina hali.

LOVEDAY: Umefanya nini?

DENZIL: Kazi yangu tu. Thorogood anataka dohani ionekane mawe matupu, wageni wake wa kupangisha wanapenda hivyo. Nikabandua lipu ya meko ya huku juu, ile waliyoongeza enzi nyumba ilipokuwa ya maskini. Jiwe moja likacheza. Nyuma yake—

LOVEDAY: Kiatu.

DENZIL: Umejuaje?

LOVEDAY: Cha mtoto. Cha mguu mmoja tu.

DENZIL: Kimekauka kama nyama ya moshi. Kisigino kimelika upande.

LOVEDAY: Kiko wapi sasa? Denzil. Kiko wapi?

DENZIL: Kwenye gari langu.

LOVEDAY: Umekitoa nje!

DENZIL: Thorogood kaniambia kwenye simu—

LOVEDAY: Baba alikuwa mwashi! Babu mwashi! Mwashi gani wa kijiji hiki hajui? Ukikuta kiatu ukutani unavua kofia, unakiangalia, unakirudisha. Hakivuki kizingiti!

DENZIL: Najua, dada, si najua! Anakuja kukichukua leo. Anataka kukitia kwenye kisanduku cha kioo, akitundike juu ya meza ya chai, wageni wapige picha.

LOVEDAY: Wapige picha! Babu zetu waliisimamisha nyumba ile kwa mawe waliyoyavuta wenyewe kutoka nyikani. Chini wakipika pombe, juu wakicheza ngoma, na pesa ya pombe ndiyo iliyoziba paa la kanisa. Wakaja watakatifu wa kupindukia, ngoma dhambi, pombe dhambi. Nyumba ikakaa tupu. Halafu wakawasukumia humo maskini, yaani sisi sisi, na kutufungia kwa ufunguo. Leo ni nyumba ya mapumziko! Kila mwaka nasimama kwenye mkutano wa kijiji nawaambia, wananitazama kama—

DENZIL: Dada. Shh. Sikiliza. Tena.

LOVEDAY: Tena nini?

DENZIL: Kuna mtu kwenye ngazi ya nje. Ile ya mawe. Tangu niliporudi kutoka garini ananipandia ngazi ile. Mguu mmoja unalia ko, mwingine pya. Ko, pya. Ko, pya. Anafika juu, anasimama mlangoni. Halafu anaanza tena kutoka chini.

LOVEDAY: [simu inawekwa mezani]

DENZIL: Haloo? Dada, usikate!

LOVEDAY: Nipo. Natafuta kiti.

DENZIL: Nisimulie basi.

LOVEDAY: Thomasin alikuwa mtoto wa Honor Endacott, na Honor ndiye aliyemzaa nyanya yake nyanya yetu. Walilala humo ulimosimama, familia na familia, pazia la gunia katikati. Watoto wa maskini walikuwa wakigawiwa kwa wenye mashamba, kama vifaranga. Thomasin akaangukia shamba la juu nyikani. Huko alifanywa nini, mama hakuwahi kusema, akifika hapo alikuwa anainuka kwenda kukoroga sufuria.

DENZIL: Nakumbuka. Hata kama haikuwa na kitu.

LOVEDAY: Theluji ilipoanguka akatoroka. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope la kinamasi. Akashuka nacho kimoja mpaka kijijini, akapanda ngazi. Mlango umefungwa, ufunguo uko kwa msimamizi, na amri ni amri: usiku hafunguliwi mtu. Honor akaisikia ile miguu. Akaijua.

DENZIL: Ko, pya.

LOVEDAY: Akakaa sakafuni, akaongea naye kupitia mbao za mlango. Akaongea, akaongea. Mpaka ikafika mahali akawa anaongea peke yake.

DENZIL: Na ukumbi mzima wanasikia.

LOVEDAY: Ukumbi mzima. Asubuhi hakuomba kitu, aliomba kile kiatu tu. Akakisukuma ndani ya dohani, mkono wa kulia. Angalau kiatu kikae karibu na moto.

DENZIL: Mkono wa kulia. Ndipo nilipokikuta.

LOVEDAY: Huo mlango wa ngazi uko vipi sasa hivi?

DENZIL: Nimetia komeo. Thorogood hataki watu—

LOVEDAY: Fungua.

DENZIL: Naogopa.

LOVEDAY: Na mimi naogopa. Umri wangu wote napiga kelele juu ya mlango ule, sijawahi hata kuushika. Wewe uko hapo. Fungua, mdogo wangu.

DENZIL: Anapanda. [mkwaruzo] Ameshafika juu. Dada, anahema—

LOVEDAY: Fungua!

DENZIL: [upepo, chuma kinagonga] Hakuna... hakuna mtu. Ukungu tu.

LOVEDAY: Tazama chini.

DENZIL: Kiatu.

LOVEDAY: Umesema kiko garini.

DENZIL: Gari nimelifunga! Ufunguo huu hapa mfukoni! Kimekaa kwenye ngazi ya juu kabisa, ncha imeelekea ndani. Na dada... kina theluji ndani.

LOVEDAY: Leo ni mvua.

DENZIL: Najua leo ni mvua.

LOVEDAY: Kiokote. Taratibu.

DENZIL: Thorogood huyo! Naona taa za gari lake getini. Nikikirudisha ukutani hii kazi imekwisha, na sina nyingine mpaka masika.

LOVEDAY: Siwezi kukudanganya kwamba utapata. Kwangu kuna supu ya viazi na mkate. Sahani yako bado ninayo.

DENZIL: [ndoo inaburutwa] Nimekiokota. Chokaa nimekwisha changanya.

LOVEDAY: Haya.

DENZIL: Naweka simu chini, usikate. [mwiko unakwangua, jiwe linasukumwa] Nimeziba. Nimevua kofia. Nifunge mlango?

LOVEDAY: Usiuguse!

DENZIL: Baridi inaingia—

LOVEDAY: Wacha iingie! Uache wazi!

DENZIL: Thorogood anapanda ngazi, ananiita. Dada, simu inalia, salio linakwisha—

LOVEDAY: Utakuja kula?

DENZIL: Nitakuja. Kaniwekee— Ngoja. Kafika mlangoni. Hata kiatu hajakiulizia.

LOVEDAY: Anasemaje?

DENZIL: Anauliza yule mtoto pale mekoni ni wa nani.

LOVEDAY: Mwambie ni wetu. Unanisikia? Denzil? Mwambie ni we—