Mkono Nilioukemea

Bwana asifiwe! Wa kule nyuma, sijawasikia. Bwana asifiwe! Mimi ni Mama Akinyi, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa soko la Migori, yule aliyekuwa akiwasalimia hapa mlangoni kila Jumapili.

Ndugu zangu, kiharusi hakibishi hodi! Nilikuwa nampimia mteja omena, kopo la gorogoro likanitoka mkononi, mdomo ukaenda kando. Nilidhani naongea, kumbe natoa mate tu! Hospitali iliokoa maisha yangu, na mguu ukarudi polepole. Lakini mkono wa kulia ulijikunja ngumi, ukakataa kabisa kufunguka. Kucha zikanichoma kiganja. Mtu akinisalimia, nampa ngumi! Wengine mlianza kupitia ule mlango wa kando. Niliwaona! Nililia, jamani. Mimi wa salamu, bila mkono nitasimama wapi?

Binti yangu Akinyi akanipeleka Homa Bay, kwa msichana mmoja daktari wa mazoezi. Akanibandika mkononi vipande vya kunata vyenye nyaya, akaziunganisha na kimashine kidogo. Akasema umeme mdogo utaamsha mishipa ya fahamu. Umeme! Mwilini mwangu! Akabonyeza. Nikasikia kama siafu, halafu vidole vikanyooka. Vyenyewe! Ndugu zangu, nusura nianguke kwenye kiti. Si mnajua tunavyokemea pepo hapa? Nikapaza sauti: "Shindwa! Toka!" Wagonjwa wote wakageuka.

Msichana hata hakucheka. "Mama, usiikemee mashine, isaidie. Ikivuta, na wewe fungua. Ukiiachia kazi peke yake, mkono hautajifunza."

Basi nikageuza maombi. Mashine ikivuta, nasema "Fungua!" huku nimejikaza mpaka jasho linanitoka. Ilichukua muda mrefu, na kuna siku nilitaka kuacha. Halafu siku moja mashine ilikuwa imezimwa, nyaya zimetolewa, nami nikasema "Fungua!" kwa mazoea tu. Vidole vikafunguka! Akinyi ndiye aliyepiga kelele.

Sijapona kabisa, sitadanganya madhabahuni. Kidole gumba bado kina kiburi. Lakini namshukuru Mungu aliyempa yule msichana akili na subira. Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, mwombee, na umpeleke mazoezi. Mtumaini Bwana, na mashine usiiogope.

Mchungaji, nipe mkono wako. Mnaona nimeushika? Kukunja vidole niliweza hata nikiwa mgonjwa. Sasa tazameni, wapendwa. Nauachilia!