Mwalimu wa Chileshe

Mwaka 1957, Alphonse Kapya alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili akipima mvua kule kituo cha hali ya hewa cha Luano. Chuo kikuu kilipomwita Chileshe, mtu aliyejifunza kazi mikononi mwa Kapya, aeleze habari za radi mbele ya watu, Kapya alialikwa kusikiliza tu. Hakwenda. Kwa wivu, akashinda kwa dada yake katika mtaa wa Bel-Air akijifanya mgonjwa.

Jioni, ndani ya basi, mama mmoja aliyetoka kwenye mkutano huo alikaa kando yake, akimsifu Chileshe bila kupumua.

"Ule bwana iko na akili! Hata bazungu balimupigia makofi."

"Akili gani?" Kapya akadakia. "Kupima mvula, mi njo nilimufundisha!"

Mama akamgeukia. "Kumbe ni weye? Alisema, mwalimu wangu asimame, bantu bote bamuone. Tulingojea, tulingojea. Kiti yako ilikuwa mbele kabisa, bila muntu. Alitaka kulia."

Kapya akatazama viatu vyake.

"Ulikuwa wapi, baba?"

Basi likasimama. Kapya akashuka haraka, ingawa kwake kulikuwa bado mbali.